Nyumba imekwama kwenye linta, mimi niko gereji naunda gari

Shikamoo anti,

Naomba jina langu lisitoke kabisa, watu wa huku tunajuana sana na ukisema tu kuna Mtanzania anaunda gari gereji kwake tayari watakuwa wameshajua ni nani.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Morogoro, tunaishi Uingereza huku Midlands mimi na mke wangu na watoto wawili, wa kiume ana miaka 13 na wa kike 9. Naendesha foklifti kwenye ghala zamu ya usiku, mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Hatuna njaa, kodi ya nyumba inalipwa, na nyumbani tunatuma kama kila mtu anavyotuma.

Sasa sijui kama unazifahamu zile gari ambazo Waingereza wanajiundia wenyewe nyumbani, kit car wanaita. Kampuni inakuuzia chasisi na bodi, injini na giaboksi na difu unavitoa kwenye gari chakavu, halafu unajifungia gereji unaunga kipande kwa kipande mpaka linakuwa gari la kutembea barabarani. Langu ni lile la viti viwili lisilo na paa wala milango, pua ndefu, matairi ya mbele yako nje ya bodi, lile umbo la Lotus Seven ya zamani ambalo kampuni nyingi zimeliiga. Mimi nimekulia gereji anti, baba alikuwa fundi pale Msamvu na kazi yangu tangu niko darasa la tatu ilikuwa kumpa spana, akinyoosha mkono bila kuangalia mimi najua anataka 13 au 17. Kwa hiyo siku nimeona mtu anauza gari la namna hii lililoachwa katikati nilishindwa kulala.

Alianza kulijenga mzee mmoja miaka ya 1990 akaishia njiani, mtoto wake ndo akaniuzia kwa pauni 1,100. Chasisi na bodi vipo, injini ya Ford Sierra ya lita 2 yenye kabureta ipo, na maboksi ya vifaa mengine hata hayajafunguliwa. Nikamwambia mke wangu msimu mmoja wa baridi linakuwa limekwisha, akacheka akasema sawa, hata siku za mwanzo alikuwa anakuja kunishikia tochi.

Nilipoanza kulifungua ndo nikaona kazi. Chini ya sakafu zile karatasi za alminiamu zimepigwa riveti juu ya bomba za chuma, nikatoa riveti moja moja, kufunua nakuta unga mweupe umejaa pale alminiamu inapogusana na chuma na rangi ya chasisi inatoka kama ganda la muhogo. Kwa nje bomba linaonekana zima, nikaligonga na bisibisi ikazama. Ikabidi nishushe kila kitu mpaka chasisi ibaki uchi, nikaipeleka kwa mchomeleaji akakata bomba zilizooza akaweka mpya, nikapiga rangi upya. Sasa hivi bushi zote za mbele mpya, shokapu nne mpya, paipu za breki za shaba nimezikunja mwenyewe, kila kona nimeipinda kwa mkono na ncha nimezipanua na kifaa chake, na mwanangu ndo alikuwa anapima urefu. Huyo mtoto anti anaweza kukutajia silinda za ile injini zinavyopokezana kuwaka, 1-3-4-2, wala hasomi sehemu. Bado wairingi, mfumo wa petroli, na ule ukaguzi wa serikali wa IVA ndo upate namba.

Msimu mmoja wa baridi umepita muda mrefu. Hela zote ukijumlisha na ya kununulia imevuka pauni 3,000. Sijamficha mke wangu hata risiti moja, zote ziko kwenye faili anaziona.

Tatizo ni nyumba. Tuna kiwanja Kibaha tulinunua kabla ya mtoto wa pili, tukaanza kujenga kwa kutuma hela kwa ndugu mmoja asimamie. Alikuwa anatuma picha kila wiki, tofali zinapanda, tunafurahi, mpaka mke wangu alipokwenda likizo akakuta baadhi ya zile picha zilikuwa za kiwanja cha jirani. Nyumba yetu imeishia kwenye linta, haina bati, na iko hivo mpaka leo kwa sababu hakuna tena mtu wa kumwamini. Mama mkwe bado anapanga chumba na sebule Kimara na ile nyumba ndo tulimuahidi.

Sasa mke wangu kila kinachoingia gereji anakigeuza bati. Shokapu zilipokuja akaniuliza kwa utaratibu tu, baba, hizi ni bando ngapi? Sikuwa na jibu. Mimi nikamwambia hili gari ni mali, likiisha na kupata namba naweza kuliuza hata pauni 6,000 tukapaua nyumba yote kwa mkupuo. Akasema na ile nyumba uliniambia ni mali.

Tangu siku hiyo hatugombani lakini hatuongei vizuri pia. Nikitoka zamu asubuhi badala ya kulala napitiliza gereji, kwa sababu ndo sehemu pekee ambapo nikifanya kitu nakiona kimefanyika. Kule Kibaha natuma hela naletewa picha, hapa nafunga nati mwenyewe na kesho naikuta imefungwa. Sijui kama naeleweka.

Sasa kuna jamaa amekuja kuliangalia, anatoa pauni 2,000 lichukuliwe lilivyo, amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Mke wangu anasema mpe. Mwanangu aliposikia alitoka nje hakusema kitu. Anti mimi nifanye nini? Niuze nipate amani nyumbani, au nimalize kitu kimoja kwenye maisha yangu? Na je, ni mimi mbinafsi au mke wangu haoni ninachokiona?

Msomaji, Midlands


Anti anajibu

Marahaba baba, na pole. Umeeleweka vizuri tu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na pale pa picha za kiwanja cha jirani niliiweka pembeni kwanza, maana hilo jambo najua limewaumiza wengi walioko nje na hawalisemi kwa sauti.

Kabla ya kukujibu nilikaa na kaka mmoja ninayemfahamu huko huko Uingereza, yeye ameshajiundia magari mawili ya aina hii na yote yamepata namba, kwa hiyo yale ya spana nitakayoyasema ni ya kwake, ya moyo ni ya kwangu.

Nikikusikia vizuri, wewe umeniletea mizani, upande mmoja gari, upande wa pili nyumba, unataka nikuambie ipi nzito. Mimi naona pale mpo watu wawili mliotapeliwa pamoja na kila mtu akapona kwa njia yake. Wewe ulipona kwa kusema sitajenga tena kitu nisichokishika kwa mikono yangu. Mwenzio yeye alipona kwa kusema sitavumilia tena kitu kinachoanzwa hakiishi. Na bahati mbaya gari moja hilo hilo ndilo linalokutuliza wewe na kumtisha yeye. Anapokuuliza hizi ni bando ngapi, inawezekana kweli anahesabu bati, lakini inawezekana pia anauliza hii nayo lini. Hayo ni maswali mawili tofauti, la kwanza linajibiwa kwa hela, la pili halijibiwi kwa hela hata uwe nazo. Umewahi kumuuliza lipi ndilo lake? Sikuona popote kwenye barua.

Halafu kuna mambo matatu umeyaandika kama yana uhakika, na mimi naomba tuyaguse polepole.

La kwanza ni hilo la pauni 6,000. Sisemi haiwezekani, ila kaka yangu alishtuka kidogo nilipomtajia. Anasema zamani kujiundia gari kulikuwa na unafuu wa wazi kabisa, ile Lotus ilipotoka 1957 watu wengi waliinunua vipande kwa sababu gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi na vipande havikutozwa, unafuu huo ukaisha VAT ilipoingia 1973. Siku hizi anayejiundia anajiundia kwa mapenzi, na mara nyingi gari likiuzwa halirudishi kila kilichoingia, achilia mbali masaa yako. Bei pia inategemea namba utakayopewa. DVLA, ofisi ya huko inayosajili magari, wasipoweza kuridhika gari limetoka wapi na lina umri gani wanatoa namba inayoanza na Q, halali kabisa na unatembea popote, lakini wanunuzi wengine wakiiona wanashusha bei. Lako lilianzwa miaka ya 1990 na mtu mwingine, vifaa vimetoka kwenye Sierra. Je, yule mtoto wa mzee alikupa karatasi gani? Kadi ya ile Sierra ipo? Kuna risiti ya chasisi? Kama hakuna, jiandae kuwa Q ndo itakayokuja. Kwa hiyo ukimwambia mkeo gari ni mali mwambie na hilo, kwa sababu yeye ameshaambiwa kitu ni mali mara moja na akaenda kuona kwa macho.

La pili ni neno lako bado. Umeandika bado wairingi, petroli na IVA, kwenye mstari mmoja, ukapita. Kaka yangu anasema hapo ndipo magari mengi ya namna hii yanapolala, na sio ajabu hata yule mzee aliishia karibu na hapo, mtu anafika kwenye waya anachoka. Ukaguzi wenyewe sio MOT ya kawaida, ule wa kila mwaka. Magari ya kujiundia yalianza kukaguliwa 1998 kwa ukaguzi ulioitwa SVA, IVA ikachukua nafasi 2009, na gari lako kwa kuwa halijawahi kupata namba halikwepi, haijalishi lilianzwa lini. Mkaguzi wa DVSA, wakala wa serikali wa kukagua magari, analipitia kwa masaa. Kila ncha ambayo mtu anaweza kuigusa nje au ndani inatakiwa iwe imeviringwa angalau milimita 2.5, ndo maana utaona wajenzi wanavisha nati vikofia vya plastiki na kingo za bodi wanaziwekea mpira. Usukani ukiuachia kwenye kona lazima urudi wenyewe. Ekzosi isizidi desibeli 99. Moshi unapimwa kufuatana na umri wa injini, lakini umri huo uthibitishe wewe, usipoweza unapimwa kwa masharti magumu ambayo injini ya kabureta haiyawezi. Ada yake inavuka pauni 400, na ukifeli kuna ya kurudia, na anasema kufeli mara ya kwanza ni kawaida sana hata kwa wazoefu. Sikutishi baba. Nataka tu hilo bado uliandike upya kwenye karatasi, kitu kwa kitu na bei yake, halafu uliangalie kabla hujamuonyesha mtu. Inawezekana ukakuta ni dogo kuliko unavyoogopa. Inawezekana ukakuta pauni 1,500 nyingine.

La tatu ni kwamba ukiuza gari nyumba itapata bati. Hili mmelikubali wote wawili na mimi ndo linanisumbua kuliko yote. Hizo 2,000 zikiingia mkononi mwisho wa mwezi, zinakwenda kwa nani? Umeniambia mwenyewe nyumba imesimama kwa sababu hakuna mtu wa kumwamini, hukuniambia imesimama kwa kukosa hela. Kama ndivyo basi gari sio lililoizuia. Mnaweza mkauza leo, hela ikakaa benki, linta ikabaki linta, na safari hii wewe huna gereji ya kwenda ukitoka zamu. Nimeona hayo kwenye nyumba za watu, mmoja anatoa kitu anachokipenda kwa ajili ya amani, amani haiji, halafu anaanza kumdai mwenzie kimoyomoyo kitu ambacho mwenzie hajui anadaiwa. Ndo hatari ya kuuza ambayo naomba uiangalie, sio hasara ya ile elfu moja.

Ila na kumaliza nako kuna hatari zake na sitakuficha. Mama mkwe anazeeka akiwa Kimara, na hakuna gari litakalorudisha miaka hiyo. Nyumba nayo haisubiri, zile nondo zinazochomoza juu ya linta zikinyeshewa miaka zinaliwa na kutu, tofali za juu zinalegea, siku mkirudi mnaanza kwa kubomoa kidogo, wewe uliyezamisha bisibisi kwenye bomba lililoonekana zima huhitaji kuelezwa hilo. Halafu kuna mwili wako. Unatoka foklifti asubuhi hujalala unaingia chini ya gari. Tafadhali baba, usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, weka stendi kila upande, na siku umechoka fanya kazi za mezani. Vumbi la breki za zamani za Sierra usilipulize kwa pumzi wala kwa upepo na mtoto asiwe karibu, zile za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto, hapo Uingereza zilipigwa marufuku 1999. Na ukifika kwenye petroli badilisha hozi zote, mpira wa miaka ya 1990 haukutengenezwa kwa petroli ya sasa, tangu Septemba 2021 ya kawaida hapo ni E10 yenye ethanoli mpaka asilimia 10 na inalainisha mpira wa zamani mpaka unavuja. Gereji yako imeungana na nyumba? Boila inayowaka moto kupasha maji iko humo humo? Maana mvuke wa petroli unatambaa chini, hauendi juu, na watoto wanalala ukuta wa pili. Haya ni mambo ambayo mkeo ana haki ya kuyauliza hata kama hela isingekuwa tatizo.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wengi wanaichukua, kulifunika turubai na kusema tutaliona baadaye. Inaonekana ya upole kwa sababu hakuna anayeshindwa. Lakini mafuta ya breki yanavuta unyevu yakiwa yamekaa tu, alminiamu na chuma vitaanza tena kulana, na wewe ulilinunua kwa mtu aliyesema tutaliona baadaye. Ukiichagua hiyo ichague ukiwa na tarehe ya kulirudia, na mkeo awe anaijua.

Mimi ningependa kabla ya yule jamaa hajarudi ukae na mkeo mara moja, lakini sio asubuhi ukiwa umetoka usiku kazini na yeye anavaa kwenda zamu yake. Tafuta siku mko wote nyumbani. Na usianze na gari. Anza na Kibaha. Mwambie ulivyojisikia siku alipokupigia simu akiwa pale kiwanjani, maana kwenye barua umeniambia mimi alichokikuta ila hujaniambia mliongea nini baada ya hapo, na nina wasiwasi hamkuongea. Yeye ndiye aliyesimama pale akaona kwa macho, peke yake, ugenini kwenye kiwanja chake mwenyewe. Wewe uliipokea kwenye simu. Huenda bado anakisubiri hicho kikao.

Mkishafika hapo ndo muulizane kuhusu kupaua kunaendaje safari hii bila mtu wa kumwamini. Siku hizi wengi hawatumi tena hela ya ujenzi kwa ndugu hata awe mzuri vipi. Wanaandikishana na fundi hatua kwa hatua, mbao zikishafika kiwanjani na kuhesabiwa ndo hela ya kupandisha inatoka, bati zinalipiwa dukani moja kwa moja na duka linapeleka, na anayekwenda kuhesabu sio anayelipwa. Wengine wanapanga kazi ya paa iangukie likizo ili mmoja wao awepo kwa macho yake. Wewe ni fundi, mtoto wa fundi, huwezi kukaa kiwanjani wiki kadhaa ukipaua nyumba yako na mikono hiyo hiyo? Nauliza tu. Inawezekana kinachokufurahisha gereji kingekufurahisha hata juu ya kenchi, na inawezekana hapana, gari ni gari. Na mkeo je, angependa ashike yeye usimamizi wa nyumba, kila shilingi ipitie kwake? Wanawake wengi hatuulizwi hilo.

Kwa upande wa gari kuna mahali pa kusimamia katikati ambapo hujapataja. Kaka yangu anasema gari lililopata namba linauzika rahisi zaidi kuliko lisilo na namba, kwa sababu mnunuzi hanunui tena wasiwasi wa IVA. Kwa hiyo wengine wanajiwekea kikomo, mathalani kiasi fulani kwa mwezi ambacho mke na mume wamekubaliana na kiasi kama hicho hicho kinakwenda kwenye paa, na kikomo cha pili kwamba likishapata namba wanakaa tena wanaamua liuzwe au libaki. Ubaya wake ni kwamba kikomo kinahitaji mtu wa kukiheshimu siku giaboksi itakapoamua kuvuja, na wewe ulishasema msimu mmoja wa baridi. Kuna pia wanaotafuta mwenzi, mtu wa klabu anayeingiza hela na wikendi zake na gari linakuwa la watu wawili, ila hapo unaingia tena kwenye kuaminiana na sijui kama moyo wako uko tayari. Njia yoyote utakayochukua, hata ukiuza kesho, piga picha kila hatua na tunza zile risiti, kwa sababu IVA ya mjenzi wa nyumbani inataka uthibitishe gari limejengwa na mtu binafsi kwa matumizi yake na sio na biashara, na mnunuzi mwenye akili ataziulizia.

Sasa mtoto. Ulimweka kwenye sentensi moja, alitoka nje hakusema kitu, na mimi nimebaki naye. Miaka 13 anapima paipu za breki na anajua injini inavyowaka, huyo unamfanyia alichokufanyia baba yako pale Msamvu, na nadhani unajua hilo kuliko mimi. Lakini usimfanye awe sababu ya kutouza, ni mzigo mkubwa kwa mtoto kuona baba na mama hawaongei vizuri kwa ajili ya kitu anachokipenda yeye. Muulize tu. Inawezekana anachohuzunikia ni gari, inawezekana ni yale masaa na wewe, na kama ni masaa kuna njia nyingi za kuyapata hata gari likiondoka. Na binti wa miaka 9 hujamtaja gereji kabisa, yeye masaa yake na baba anayapatia wapi?

Umeniuliza kama wewe ni mbinafsi au mkeo haoni. Mtu anayeweka kila risiti kwenye faili mkewe aione simwiti mbinafsi, na mwanamke aliyeshika tochi kwenye baridi ya Uingereza siwezi kusema haoni. Nyinyi wote mnaona, ila mnaangalia pande tofauti. Kuhusu mwisho wa mwezi, kumbuka hiyo tarehe kaiweka mnunuzi, sio nyinyi. Mtu akilitaka kweli gari la namna hii anaweza kusubiri wiki mbili, na kama hawezi watakuja wengine, hasa ukiwa na karatasi za ile Sierra mkononi. Mpigie leo yule aliyekuuzia umuulize kama kwa baba yake kuna faili, kadi, hata barua ya kampuni iliyouza chasisi, wazee wa vile hawatupi makaratasi. Hiyo itakusaidia ukiuza na itakusaidia ukimaliza.

Niandikie mkishakaa. Na mkeo akitaka kuandika upande wake naye aandike bila jina kama wewe, nitamsoma kwa makini hivi hivi.

Anti